Kabla ya Kuandika Malaria, Ulizia Ukoo

Mama mwenye umri wa miaka 34, mchuma chai katika mashamba ya Mufindi mkoani Iringa, na atwaliwe hapa kuwa mfano wa wengi. Mara tatu kwa mwezi upande mmoja wa kichwa chake huanza kudunda kama mchi utwangao kinuni. Mwanga wa jua juu ya majani ya chai humchoma macho, harufu ya mafuta ya taa humtia kichefuchefu, na kabla ya adhuhuri huwa ametapika na kurudi nyumbani kujifungia chumbani. Siku ya pili au ya tatu huamka mzima, akiwa amepoteza ujira wa siku zote alizolala.

Daftari lake la matibabu limejaa maandishi. Amepimwa malaria mara nyingi. Kipimo kikatoka hasi, na dawa ya mseto akapewa hata hivyo. Ameambiwa ni presha, ingawa presha yake ni ya kawaida. Ameambiwa ni mawazo. Kwa mganga wa jadi amechanjwa chale kwenye panja zote mbili. Nyumbani, mama mkwe anasema waziwazi kwamba huyu ni mvivu aliyejifunza kuugua siku za kazi. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza swali moja jepesi: je, mama yako mzazi naye aliumwa hivi? Angeulizwa, angeeleza kwamba marehemu mama yake alikuwa akijifunga kitambaa kichwani na kulala gizani siku nzima, na kwamba binti yake aliye darasa la saba naye ameanza.

Ugonjwa huo ni kipandauso. Una mizizi katika vinasaba na katika molekuli za ubongo, na mizizi hiyo inafahamika leo kwa kiasi kinachotosha kubadilisha namna unavyotibiwa katika zahanati ya kijijini. Hoja ya makala haya ni kwamba swali la ukoo, lisilohitaji mashine wala fedha, linastahili kuandikwa katika daftari la kila mgonjwa wa kichwa kinachojirudia, na kwamba kuliacha kunawagharimu wagonjwa wa Mbeya na Iringa gharama kubwa.

Ugonjwa wenye nasaba

Tafiti za mapacha zimeonyesha kuwa takribani nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu katika uwezekano wa kupata kipandauso hutokana na vinasaba. Nchini Denmark, uchunguzi wa familia uliochapishwa mwaka 1995 ulibaini kwamba ndugu wa damu wa karibu wa mtu mwenye kipandauso kinachotanguliwa na aura, yaani vimulimuli machoni, ganzi au kukwama kwa maneno, wana hatari ya kupata aina hiyo ipatayo mara nne ya watu wengine. Kwa kipandauso kisicho na aura, hatari hiyo ilikaribia mara mbili.

Kuna aina moja adimu ambayo jeni moja tu hutosha kuileta. Katika aina hii, mgonjwa hupooza upande mmoja wa mwili kwa saa kadhaa au hata siku kadhaa, kisha hurejea hali yake. Jeni ya kwanza ya ugonjwa huo, CACNA1A, iligunduliwa mwaka 1996. Jeni hiyo hutoa maelekezo ya kutengeneza mlango wa kalsiamu kwenye ncha za neva. Ya pili, ATP1A2, ilitajwa mwaka 2003, nayo ni ya pampu inayosukuma sodiamu na potasiamu. Ya tatu, SCN1A, ilifuata mwaka 2005, nayo ni ya mlango wa sodiamu. Mzazi mwenye kasoro katika mojawapo ya jeni hizo ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kumrithisha kila mtoto wake. Familia ya namna hiyo, ikiwa haikuelezwa jambo hili, yamkini itaamini kwamba imerogwa, maana mkono uliolegea asubuhi na kupona jioni hauelezeki kwa akili ya kawaida.

Kipandauso cha watu wengi, kama cha yule mama wa Mufindi, hakina jeni moja ya kulaumiwa. Kina mabadiliko madogo mengi, kila moja likiongeza hatari kidogo sana. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na hakuna maelezo mafupi yanayofaa zaidi kwa jambo hili. Mwaka 2022 watafiti walichapisha uchunguzi uliolinganisha vinasaba vya wagonjwa 102,084 na vya watu wengine 771,257, wakabaini maeneo 123 ya vinasaba yanayohusiana na kipandauso. Baadhi yako karibu na jeni za mishipa ya damu, mengine karibu na jeni za neva. Aliyezaliwa na kibaba kilichokaribia kujaa huhitaji kidogo tu ili kimwagike: kushinda na njaa shambani, kukesha msibani, kukaribia hedhi, mwanga mkali, au ulanzi wa jioni iliyopita. Vichocheo hivyo havileti ugonjwa kwa kila mtu. Humwangusha yule ambaye ubongo wake ulizaliwa na wepesi wa kuchokozeka.

Kinachotokea ndani ya kichwa

Mwaka 1944 mwanasayansi wa Brazil, Aristides Leão, alieleza wimbi la ajabu aliloliona katika ubongo wa sungura. Seli za neva huwaka kwa ghafla, kisha hunyamaza, na wimbi hilo hutambaa juu ya gamba la ubongo kwa mwendo wa milimita chache kwa dakika. Leo inaaminika kuwa wimbi hilo ndilo chanzo cha aura. Ndiyo maana vimulimuli huanza kama kidoa, kisha hutanuka polepole kwa dakika ishirini au thelathini. Jeni tatu zilizotajwa hapo juu zote zinaelekea huko: zinapokuwa na kasoro, potasiamu na glutamati hurundikana nje ya seli, na wimbi huanza kwa urahisi zaidi.

Maumivu yenyewe huletwa na neva ya trijemino, ambayo ndiyo neva kuu ya hisia za uso, na ambayo matawi yake huzunguka mishipa ya damu ya utando wa ubongo. Neva hiyo ikichokozwa, humwaga protini ndogo iitwayo CGRP, ambayo hutanua mishipa ya damu na kuzidisha usafirishaji wa taarifa za maumivu. Mwaka 1990 Peter Goadsby na Lars Edvinsson, pamoja na mwenzao, walionyesha kwamba CGRP hupanda katika damu itokayo kichwani wakati wa shambulio. Ugunduzi huo ulizaa dawa mpya zinazoizuia protini hiyo, ambazo zilianza kuidhinishwa mwaka 2018. Mwaka 2021 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Ubongo ya Denmark, pamoja na Michael Moskowitz na Jes Olesen.

Mhudumu wa afya wa Kilolo au Chunya anaweza kuuliza: haya yanamhusu nini, ilhali dawa hizo ni za bei ya juu na duka la dawa muhimu la jirani halina hata moja? Yanamhusu kwa sababu propranolo na amitriptilini, dawa za zamani na za bei nafuu, zimeonekana katika majaribio ya panya kulipunguza wimbi lile lile la Leão zinapotumika kwa wiki kadhaa. Yanamhusu pia kwa sababu mgonjwa aliyeelezwa kuwa kichwani mwake kuna neva iliyochokozwa na protini iliyomwagika hana tena sababu ya kujiona mvivu wala aliyelogwa. Maelezo hayo pekee ni sehemu ya tiba.

Baridi ya nyanda za juu

Wakazi wengi wa Uyole, Tukuyu na Mafinga husema kwamba kichwa chao huletwa na baridi ya Juni na Julai. Wahudumu wengine huwacheka. Hawana haki ya kuwacheka. Miongoni mwa jeni za mwanzo kuhusishwa na kipandauso cha kawaida ni TRPM8, inayotengeneza kipokezi cha baridi kwenye neva za hisia. Ndicho kipokezi hicho hicho kinachoguswa na mentholi iliyomo katika mafuta ya kuchua ambayo watu hujipaka kwenye paji la uso. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba toleo moja la kinasaba kilicho karibu na TRPM8 huongezeka kadiri mtu anavyotoka tropiki kwenda kaskazini: asilimia 5 kwa wenye asili ya Nigeria, asilimia 88 kwa wenye asili ya Finland. Toleo hilo linahusishwa na hatari kubwa zaidi ya kipandauso.

Haifai kurukia hitimisho kwamba Wabena au Wasafwa wana toleo hilo kwa sababu tu wanaishi penye baridi. Mabadiliko ya namna hiyo huchukua maelfu ya miaka. Funzo lililopo ni jingine. Ramani ya vinasaba vya kipandauso imechorwa kwa damu ya watu ambao wengi wao sana wana asili ya Ulaya. Kama toleo moja linaweza kutofautiana kutoka asilimia 5 hadi 88, basi kipimo chochote cha hatari kitakachotengenezwa kwa ramani hiyo na kuletwa Afrika kitakuwa kama kanzu iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine. Vinasaba vya Waafrika ndivyo vyenye tofauti nyingi zaidi duniani, na kwa hiyo vina mengi ya kufundisha. Mbeya si mahali pageni kwa kazi ya namna hiyo: kituo cha utafiti cha NIMR kilichopo huko kimeshiriki kwa miaka mingi katika tafiti za kimataifa za VVU na kifua kikuu. Kipandauso kinastahili kuingizwa katika orodha.

Ukubwa wa tatizo nao si wa kubuni. Kati ya Desemba 2003 na Juni 2004 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo linalohudumiwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, wakawahoji watu 7,412. Asilimia 4.3 walikuwa wamepata kipandauso katika mwaka mmoja, na wanawake walikuwa karibu mara tatu ya wanaume. Nchini Zambia, jirani wa nyanda za juu kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Lusaka na Mkoa wa Kusini ulipata asilimia 22.9. Pengo hilo kubwa lina sababu nyingi, zikiwemo watu waliochaguliwa na namna maswali yalivyoulizwa. Hata hivyo, ukichukua ile namba ndogo, bado ni watu wengi katika kila kijiji.

Swali linavyookoa

Ipo hoja ya kupinga, nayo ni ya haki. Wapo wasemao kwamba kuzungumzia vinasaba mahali ambapo zahanati hukosa hata parasetamoli ni anasa. Wangekuwa sahihi kama vinasaba vingemaanisha maabara. Katika chumba cha daktari, vinasaba ni swali kuhusu mama, baba, kaka na dada, na jibu lake huongoza maamuzi ya hatari kubwa.

La kwanza ni malaria. Iringa na Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi madogo kabisa ya malaria nchini. Mgonjwa asiye na homa, mwenye kipimo hasi, ambaye kichwa kimemrudia mara tano au zaidi kwa saa 4 hadi 72 kila mara, kikiwa cha upande mmoja au cha kudunda, pamoja na kichefuchefu au kuchukia mwanga na kelele, na ambaye mama yake aliumwa vivyo hivyo, hana sababu ya kupewa dawa ya mseto.

La pili ni uzazi wa mpango. Mwanamke mwenye kipandauso chenye aura hapaswi kupewa vidonge vyenye estrojeni, kwa kuwa hatari ya kiharusi huongezeka. Zipo njia nyingine zisizo na estrojeni. Muuguzi wa kliniki ya uzazi anayeuliza kuhusu vimulimuli na ganzi kabla ya kutoa vidonge anaweza kuzuia kiharusi cha mwanamke kijana.

La tatu linaihusu nyanda za juu kusini kuliko mahali pengine popote nchini. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Baadhi ya dawa za kufubaza VVU, hasa zile zenye ritonavia, hazipaswi kabisa kuchanganywa na ergotamini, dawa ya zamani ya kipandauso ambayo bado huonekana madukani. Mchanganyiko huo unaweza kubana mishipa ya damu hadi kidole au mguu ukafa. Mwuza dawa asiyeuliza mgonjwa anatumia nini humweka hatarini bila kujua.

La nne ni dawa za maumivu zenyewe. Anayemeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, au dawa za mchanganyiko siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, huweza kupata maumivu ya kichwa yaletwayo na dawa hizo hizo. Huyu haponi kwa kuongezewa dawa. Anahitaji kuipunguza au kuiacha dawa hiyo, na kupewa kinga.

Tiba nzuri haihitaji kungoja ugunduzi mpya. Kwa mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo wala ujauzito, ibuprofeni miligramu 400 au aspirini miligramu 900, ikimezwa mara tu maumivu yanapoanza, huwasaidia wengi. Mwenye mashambulizi siku nne au zaidi kwa mwezi afikiriwe kupewa dawa ya kinga kila siku: propranolo kwa asiye na pumu, au amitriptilini kwa dozi ndogo usiku. Kula kwa wakati, kulala kwa wakati na kunywa maji ya kutosha hukipunguza kilichomo katika kile kibaba.

Mipaka ya swali

Ukoo usiwe mto wa kulalia. Mama wa mgonjwa anaweza kuwa na kipandauso, na mgonjwa mwenyewe akawa na jambo jingine kabisa. Kichwa kipya kwa mtu mwenye VVU, hasa chenye homa au kinachozidi siku hadi siku, ni cha kuchunguzwa kwa haraka, kwani fangasi wa utando wa ubongo huua. Katika maeneo ya wafugaji wa nguruwe kama Mbozi, ambako tegu wa nguruwe na mayai yake ni tatizo linalojulikana, kichwa kinachoambatana na degedege kwa mtu mzima hakitakiwi kuitwa kipandauso. Kichwa kinachopasuka kwa ghafla kama radi, kinachoanza baada ya umri wa miaka 50, kinachokuja na presha ya juu wakati wa ujauzito, au kinachoacha udhaifu wa mkono, kinahitaji rufaa siku hiyo hiyo. Hata mgonjwa wa familia yenye kipandauso cha kupooza achukuliwe kama mwenye kiharusi hadi ithibitike vinginevyo.

Upo mpaka mwingine, wa kijamii. Neno kurithi likitamkwa ovyo, linaweza kugeuka fimbo. Posa inaweza kurudishwa kwa sababu ukoo wa binti una kichwa. Mume anaweza kumlaumu mke kwa kumwambukiza mtoto. Mhudumu anayeuliza swali la ukoo ana wajibu wa kulimalizia kwa maelezo: kwamba kipandauso hutoka pande zote mbili, kwamba huwapata zaidi ya watu bilioni moja duniani, kwamba kurithi uwezekano si kurithi hukumu, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kuchagua vinasaba vyake. Ukoo usio na kipandauso hata kwa mtu mmoja ni nadra kuliko watu wanavyodhani.

Kwa hiyo yanayodaiwa si makubwa. Wakuu wa zahanati na vituo vya afya waweke mstari mmoja katika maelezo ya kila mgonjwa wa kichwa kinachojirudia: nani mwingine katika familia, na je, kuna aura? Wahakikishe propranolo na amitriptilini hazikosekani rafuni. Maduka ya dawa muhimu yamwulize kila anayenunua dawa ya kichwa ametumia siku ngapi mwezi huu. Nao wagonjwa waingie chumba cha daktari wakiwa na jibu tayari, kwa kuwauliza wazazi na shangazi zao mapema, kabla wazee hawajaondoka na kumbukumbu zao.

Yule mama wa Mufindi hatapona kabisa, kwani kipandauso hakina tiba ya kukiondoa. Lakini binti yake yuko darasa la saba, na mtihani uko karibu. Ikiwa mtu mmoja atauliza swali hilo mwaka huu, mtoto atapata dawa sahihi kwa dozi inayolingana na umri wake, mwalimu wake ataelewa kwa nini anaomba kukaa mbali na dirisha lenye jua, na chale hazitaongezwa kwenye panja nyingine mbili.